Kiu ya Kuchagua

Kwenye barabara ya kutoka Isiolo kwenda Archers Post, mtu anayeendesha baiskeli huulizwa swali moja kuliko yote: unaenda wapi? Anauliza mchungaji aliyeegemea fimbo, anauliza mama anayeuza makaa kando ya lami, anauliza askari kwenye kizuizi, anauliza hata mtu wa boda anayepunguza mwendo ili aende sambamba nawe. Swali lenyewe ni nusu salamu. Shida iko kwenye jibu. Ukisema unaenda Archers, utaulizwa una shughuli gani huko. Ukisema huna shughuli, kwamba utafika tu, unywe soda, ugeuze, urudi Isiolo, utaangaliwa jinsi daktari anavyomwangalia mgonjwa ambaye bado hajapewa majibu yake.

Naishi Bulla Pesa, na Jumapili nyingi kabla jua halijatoka niko kwenye barabara hiyo na wenzangu watatu au wanne. Ni pungufu kidogo ya kilomita 40 kwenda. Kwenda ni raha, maana nchi inateremka polepole kuelekea mto Ewaso Nyiro. Kurudi ni habari nyingine: mlima ambao macho hayauoni lakini miguu inaujua, upepo usoni, na jua ambalo kufikia saa nne limeshakasirika. Hatubebi mzigo. Hatumtafuti mtu. Hakuna anayetulipa. Tunajitesa kwa hiari yetu, tena tunaita hiyo raha.

Ndiyo maana nalichukulia swali la mchungaji kwa uzito. Nikilifungua naona lina swali jingine ndani yake, na hilo ni la maadili kabisa: ni haki mtu kujitafutia taabu kwa starehe, mahali ambapo majirani zake wanaishi na taabu ambayo hawakuitafuta?

Kwa rika la wazazi wetu, baiskeli ni chombo cha kazi, basi. Ni ile Black Mamba nzito yenye keria ya chuma nyuma, iliyobeba mikate, maziwa, magunia ya mahindi, wagonjwa na maharusi. Neno boda boda lenyewe lilizaliwa na baiskeli kule Busia, watu walipokuwa wakivushwa mpakani kwa nauli ndogo, kabla pikipiki hazijaja kuchukua jina na kazi. Hapa Isiolo bado utaona vijana wanasukuma baiskeli iliyofungwa mitungi minne ya maji, kila mmoja wa lita 20. Hizo ni kilo 80, na hakuna anayempigia mtu makofi. Mjomba aliponiona mara ya kwanza na baiskeli yangu ya mtumba, matairi membamba kama vidole, aliizunguka mara mbili kisha akauliza, "Na keria iliangukia wapi?"

Sisi tuna picha nyingine kichwani. Tunajua kwamba Chris Froome, aliyeshinda Tour de France mara nne, alizaliwa Nairobi mwaka 1985 na akafundwa baiskeli na David Kinjah. Tunamkumbuka Suleiman Kangangi, nahodha wa Team Amani, aliyefariki Agosti 2022 akiwa mashindanoni Vermont, Marekani. Mwaka 2024 tulibanana kwenye simu moja kumwangalia Biniam Girmay wa Eritrea akishinda hatua tatu za Tour de France na kuondoka na jezi ya kijani. Mwaka 2025 mashindano ya dunia ya barabarani yakafanyika Kigali, mara ya kwanza katika Afrika. Na kabla ya haya yote ya kwenye simu, kuna tuliyoyaona kwa macho. Tangu 2003 kuna msafara uitwao Tour d'Afrique, watu wanaotoka Cairo hadi Cape Town kwa baiskeli, kama kilomita 12,000, na kwa miaka mingi wameingia Kenya kwa Moyale na kushukia Isiolo. Tukiwa wadogo tuliwakimbilia tukipiga kelele. Walikuwa na vumbi hadi kwenye nyusi. Tulijiuliza ni nani amewafukuza kwao.

Mtu akibanwa kuhusu starehe yake hutafuta sababu. Mimi nimesikia tatu.

Ya kwanza ni afya. Sawa, lakini afya haidai kilomita 75 za jua kali. Zunguka uwanja nusu saa kila asubuhi na moyo wako utakushukuru.

Ya pili ni pesa: ati waendesha baiskeli wanaleta biashara barabarani. Labda wale wa msafara mkubwa. Sisi tunaleta bei ya soda na chapati mbili mbili.

Ya tatu ndiyo ya hatari, kwa sababu inasikika vizuri. Inasema kuteseka barabarani kunatufundisha kuwaelewa wanaoteseka. Jamaa mmoja alikuja kutoka Nairobi kuendesha nasi wakati wa ukame. Mvua zilikuwa zimekataa msimu baada ya msimu tangu mwisho wa 2020, na zikaendelea hivyo hadi misimu mitano ikapotea. Kando ya barabara kulikuwa na mizoga ya ng'ombe. Alipomaliza safari, midomo imepasuka, akakaa chini nje ya duka na kusema kwamba leo ameelewa ukame.

Nauheshimu moyo wake, lakini hapana. Kiu yake ilikuwa ya saa tatu, na tangu mwanzo alijua itaishia wapi: kwenye friji ya lile duka. Koo lake huenda liliuma sawasawa na koo la mfugaji. Tofauti ilikuwa mlango. Aliyechagua taabu ana mlango wa kutokea, anajua uko wapi, na hata akikaa ndani muda mrefu, anakaa kama mtu mwenye ufunguo mfukoni. Asiyechagua hajui kama kuna mlango. Kutojua huko ndiko kunakomkondesha mtu usiku, na hakufundishwi na baiskeli.

Watu wa dini wamelijua hili zamani. Mji wetu unafunga Ramadhani, na kila mwenye saumu husikia kwamba njaa ile inamkumbusha mwenye njaa. Lakini saumu haikuachiwa iishie kwenye kukumbuka. Kabla ya swala ya Idi kuna zaka ya fitri, chakula kinachotolewa kwa asiyenacho. Kana kwamba aliyepanga mambo alijua kwamba njaa yenye adhana ya magharibi haijafika kwenye njaa yenyewe, na kwamba anayeichagua anabaki na kitu cha kulipa. Nitarudi kwenye hilo la kulipa.

Kwa hiyo sababu zote tatu zimeanguka. Naendesha kwa kuwa napenda. Inatosha?

Kwa mtu wa kaskazini, nadhani inatosha, ukikumbuka barabara hii ilikuwa nini. Mwaka 1926 serikali ya kikoloni iliitangaza NFD, yaani wilaya ya mpaka wa kaskazini, kuwa eneo lililofungwa. Kuingia kwa kibali, kutoka kwa kibali. Mwaka 1934 ikaongezwa sheria nyingine ya wilaya maalum, iliyowapa maofisa nguvu ya kuwazuia watu watembee wapi na wakae wapi. Uhuru ulikuja pamoja na vita vya shifta, 1963 hadi 1967, na sheria za hali ya hatari zilibaki juu ya kaskazini hadi 1991. Isiolo ilikuwa lango. Lami iliishia hapa. Zaidi ya hapa magari yalisubiriana kwenye kizuizi ili yaende kwa msafara na askari wenye bunduki. Ujenzi wa lami ya kwenda juu ulianza karibu na mwisho wa miaka ya 2000, na kufikia 2017 hivi gari lingeweza kutoka Isiolo hadi Moyale, kama kilomita 500, bila kukanyaga changarawe. Bado wazee wakipanda basi la Nairobi husema wanaenda Kenya.

Hebu lifikirie hilo. Kwa vizazi viwili, mtu wa hapa alitakiwa awe na sababu ya kutembea, na sababu yake ikubaliwe na mtu mwingine mwenye muhuri. Kufuata malisho, labda. Mazishi, labda. "Nataka tu kuona upande ule" haikuwa sababu.

Miaka hiyohiyo kulikuwa na Mpolandi mmoja, Kazimierz Nowak, mkazi wa Poznań. Mwishoni mwa 1931 alitoka Tripoli kwa baiskeli, akashuka bara zima, mwaka 1934 akafika ncha ya kusini ya Afrika, kisha akageuza na kurudi kwa njia nyingine hadi Algiers mwaka 1936. Ni kama kilomita 40,000, kwa baiskeli, kwa miguu, kwa farasi, kwa ngamia na kwa mtumbwi. Hakuwa tajiri. Aliuza picha na makala magazetini ili mkewe na watoto wapate kula, na aliyoyaandika kuhusu ukoloni yalikuwa makali. Alifariki 1937, mwaka mmoja tu baada ya kufika nyumbani. Nampenda mtu huyu. Lakini siwezi kuusoma ule mwaka wa 1934 bila kusimama kidogo. Mwaka ambao mgeni alimaliza kuvuka bara kwa baiskeli, wenyeji wa hapa waliongezewa sheria ya kuwazuia kuvuka wilaya. Leo naona video za vijana wa kwao wakipita kwenye vijia vya mashambani, ngano kushoto, ziwa kulia, na hakuna anayewauliza wana shughuli gani. Starehe yao haina haja ya maelezo. Yangu imepata ruhusa juzi.

Kwa hiyo nikimwambia askari wa kizuizini "siendi popote, naendesha tu," nasema neno ambalo babu yangu hakuruhusiwa kulisema. Halinitii aibu. Anayedhani mtu wa nchi kavu ana haki ya kutembea akiwa na shida tu, na kwamba kucheza barabarani ni kwa wageni, anaendeleza kazi ya wale wenye muhuri, hata kama anatuonea huruma.

Hoja hiyo ingetosha kufunga mjadala kama barabara ingekuwa lami peke yake. Lakini kando ya lami kuna watu, na watu hao wana maji kidogo.

Ilikuwa Septemba 2022, tunarudi, tumekaribia Ngaremara. Chupa za mwenzetu mmoja zilikuwa zimekauka na alikuwa ameacha kuongea, ambayo kwake ni dalili mbaya. Chini ya mgunga alikaa mama wa Kiturukana na punda na mitungi miwili iliyojaa. Tulisimama kivulini tukamsalimu, "Ejok." Hatukuomba kitu.

"Mnatoka wapi, wanangu?"

"Archers, mama."

"Kulikuwa na nini huko?"

"Hakuna kitu, mama. Tunaendesha tu."

Alicheka, akatuangalia mmoja mmoja, akamaliza kwa yule aliyenyamaza. Kisha akafungua kifuniko cha mtungi na kumimina kwenye kikombe cha plastiki. Mimi nilikuwa na nusu chupa, nikampa mwenzangu, nikamwambia mama abaki na maji yake kwa sababu ametoka nayo mbali.

Uso wake ukabadilika. "Kwani maji yangu ni machungu?"

"Hapana, mama. Ni vile sisi tumejitakia wenyewe."

"Koo linajua nani amejitakia?" Mkono wake ulikuwa bado umenyooka na kikombe. Tukanywa, kila mtu mafunda mawili, tukashukuru, tukaondoka.

Njia nzima iliyobaki tulibishana. Mmoja alisema tumemwibia mama mchana kweupe. Mwingine akasema kukataa kungekuwa wizi mkubwa zaidi, maana tungemnyang'anya heshima ya kutoa. Wote walikuwa na hoja, na ndipo nilipoona ugumu ulipo.

Huku kwetu mpita njia hanyimwi maji. Desturi hii haikutungwa na watu wenye maji mengi. Ni akiba ya watu wenye maji kidogo. Leo nakupa wewe, kesho ndugu zako watampa mwanangu akitafuta ngamia aliyepotea. Kila mtu anaweka na kila mtu anatoa, kwa sababu kila mtu, siku moja, atakuwa yule anayepita. Sisi wa baiskeli tunachota kwenye akiba hiyo na hatujulikani tuliweka lini. Yule mama akija mjini na kiu, hasa mji mkubwa, atakutana na mlinzi getini.

Kuna jambo lingine lililonikaa zaidi. Yule mama aliuliza swali lilelile la serikali: mnatoka wapi, mna shughuli gani? Akasikia jibu ambalo afisa wa 1934 angelitupa nje ya dirisha. Halafu akamimina. Swali lake lilikuwa la kutujua, na maji hayakungoja jibu. Hakupima kama kiu yetu ni ya halali. Angeanza kupima, desturi yote ingekufa, maana mwenye kiu hana nguvu za kujieleza.

Basi kwa kuwa yeye hatupimi, kazi ya kupima inabaki kwetu. Hapo ndipo nilipofika, na ndipo tunapokosea wengi tunaokwenda mahali pa shida kwa raha zetu, iwe ni kwa baiskeli, kwa kupanda mlima au kwa gari lenye hema juu. Tunaona ukarimu wa wenyeji na kusema, "Manze, watu hawa wana roho nzuri, wanakupa hata cha mwisho." Tunausifu ukarimu kama mandhari. Lakini mtu akiwa tayari kukupa cha mwisho, ni juu yako kuhakikisha hafikishwi hapo kwa sababu ya mchezo wako.

Kundi letu sasa lina kanuni, na hazikuandikwa popote. Kila mtu anatoka na lita tatu, na asiye na uwezo wa kuzibeba hatoki. Tukipita duka tunanunua maji hata kama bado tunayo. Tukipewa njiani tunakunywa, kwa sababu hatuko pale kumfundisha mama adabu, lakini hatujazi chupa. Funda moja ni heshima. Chupa mbili ni unyang'anyi. Hatupigi picha ya anayetupa.

Na kuna la kulipa, lile nililosema nitalirudia. Hatuna maji ya kuweka kwenye akiba ya barabara, lakini tuna kitu kingine. Kila mmoja wetu anabeba viraka, gundi, pampu na spana ndogo. Tukikuta mtu amekwama na pancha, tunasimama. Iwe ni mwenye mitungi, mwanafunzi, au mzee na Black Mamba ya miaka 30, tunasimama tunaziba, hata kama tulikuwa kwenye mwendo mzuri, hata kama saa inahesabu. Mara nyingine Jumapili nzima inaishia kwenye spoki za mtu. Huo ndio mchango tunaoweza, na umetufundisha jambo: ukisimama kuziba pancha, hakuna anayekuuliza unaenda wapi. Wanakuuliza jina.

Sidanganyiki kwamba hesabu imelingana. Kiraka si maji. Na ule mlango niliousema bado uko upande wetu: nikifika Bulla Pesa nafungua bomba, na likikauka nanunua. Sijui kanuni ya baiskeli inayoweza kulirekebisha hilo. Ni kazi ya visima, mabomba na bajeti, na mwendesha baiskeli anayedhani gundi yake inamtoa kwenye maswali ya kura na kodi anajidanganya sawasawa na yule aliyeelewa ukame kwa saa tatu.

Lakini kuna kitu kidogo naweza kukisimamia. Pale Ngaremara kuna vijana wanaotungoja Jumapili. Mwanzoni walitaka peremende, sasa wanataka baiskeli. Tunashusha viti, tunawafunga helmeti, wanakwenda kwa zamu hadi kwenye kibao cha barabara na kurudi. Mmoja, wa miaka kama 14, ana mapafu ambayo sitayapata hata nikizaliwa tena. Wiki iliyopita alikwenda akapita kibao, akapotea kwenye joto linalocheza juu ya lami, na mbuzi wake wakabaki wakituangalia sisi. Tulianza kuwa na wasiwasi. Akarudi baadaye, anahema, anang'aa jasho.

Bibi mmoja aliyekuwa akipita na kuni akamuuliza kwa ukali alikuwa ameenda wapi.

"Hapo tu, bibi," akasema. Kisha akarudisha baiskeli, akachukua fimbo yake, akawafuata mbuzi.